Kula na wenyeji Addis Ababa: sinia la mfungo, tonge na kahawa ya mizunguko mitatu

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga. Yeye na wenzake watatu wanakwenda Ethiopia kwa siku saba, wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu. Wawili ni Waislamu, nyama yao lazima iwe halali. Mmoja hali nyama wala hanywi maziwa, na wa nne anakula chochote kinachowekwa mezani. Hawataki kusafiri mpaka ugenini wakaishie kwenye chipsi za hoteli. Wanataka kula wanachokula wenyeji, na ikiwezekana wakaribishwe majumbani. Anauliza waanzie wapi, na watautofautishaje ukarimu wa kweli na ule unaowinda pochi.

Dada, bila kujua mmechagua majira yanayowafaa. Wiki hiyo iko ndani ya Hudade, mfungo mkuu wa Waorthodoksi wa Ethiopia, siku 55 kabla ya Pasaka yao inayoitwa Fasika. Katika siku hizo Mkristo wa Orthodoksi hali nyama, samli, maziwa wala mayai, na wanaoshika sana hawali kitu mpaka alasiri. Wageni wengi hunung'unika kwamba wamefika wakati mbaya. Kwenu ni kinyume: rafiki yenu asiyekula nyama wala maziwa atakula vizuri kuliko nyote, na atakula chakula kilekile cha wenyeji bila kuombewa cha pembeni. Hata nje ya Hudade, Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo karibu mwaka mzima, ila zile siku 50 zinazofuata Fasika.

Shikeni neno moja, "yetsom", yaani cha mfungo. Mkiagiza "yetsom beyaynetu" mtaletewa sinia lililotandikwa injera, na juu yake vijilima vya mboga: adesi nyekundu zenye pilipili, njegere kavu zilizopikwa na binzari, sukuma wiki, kabichi na karoti, bitiruti, viazi, kachumbari, na katikati shiro, mchuzi mzito wa unga wa nafaka za jamii ya kunde, hasa dengu, na viungo. Vyote vimepikwa kwa mafuta ya mbegu. Tatizo huja siku isiyo ya mfungo, au kwenye mgahawa unaopikia watalii, kwa sababu shiro ileile inaweza kutiwa samli ya viungo na kwa macho usiijue. Kwa hiyo rafiki yenu asiridhike na kusema hali nyama, maana mpishi ataondoa nyama na kuacha samli. Aseme "yetsom bicha", cha mfungo tu, na hapo kila mpishi ataelewa mpaka wa jambo.

Sasa nyama, ambako wageni Waislamu hukosea mara nyingi. Wanaona hakuna nguruwe kwenye orodha ya vyakula, wanajiambia basi, halali. Ethiopia kukosekana kwa nguruwe si ushahidi wa chochote, kwa sababu Waorthodoksi nao hawamli. Kinachotazamwa ni nani amechinja. Kwa desturi ya zamani Mkristo hula kilichochinjwa na Mkristo na Muislamu hula kilichochinjwa na Muislamu, na mabucha na migahawa mingi huweka alama ya msalaba au mwezi mwandamo mlangoni. Ndiyo maana kuuliza si utovu wa adabu kule. Mhudumu atawajibu papo hapo bila kununa, na mara nyingi atawaelekeza kwa jirani. Ulizeni "yemuslim migib bet", mgahawa wa Kiislamu. Addis mtaipata kwa urahisi Merkato, eneo la soko kubwa, kuuzunguka Msikiti wa Anwar, na Bole Michael, mtaa wenye Wasomali wengi, ambako mtakuta wali na mbuzi na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Katika Hudade mabucha mengi ya Kikristo hufungwa na ya Kiislamu huendelea, kwa hiyo wiki hiyo ninyi wawili ndio wenye uhakika wa nyama, si yule wa nne.

Kwenye bucha lenye jiko, nyama huagizwa kwa kilo. Unachagua kipande kinachoning'inia, kinapimwa, kinakatwakatwa na kukaangwa na vitunguu, pilipili mbichi na rosemari. Hiyo ndiyo tibs. Nusu kilo inawatosha wawili wenu pamoja na injera. Ikiletwa kwenye chungu kidogo chenye makaa chini yake ni shekla tibs, na inakaa moto mpaka mwisho wa mazungumzo.

Jambo moja la mpangilio: mkialikwa kula na Wakristo walio kwenye mfungo, nyama isiwekwe kwenye sinia moja na mboga. Mchuzi husambaa ndani ya injera, na sehemu yote ulikofika inakuwa haramu kwa anayefunga. Atanyamaza kwa adabu na ataacha kula. Siku hiyo kuleni yetsom nyote wanne, nyama iwe ya siku nyingine.

Huyo wa nne anayekula chochote nina neno naye. Atasikia sifa za kitfo, nyama mbichi ya ng'ombe iliyosagwa na kuchanganywa na samli ya viungo na mitmita, pilipili kali ya unga. Asili yake ni kwa Wagurage, na huliwa na jibini mbichi iitwayo ayib na kocho, mkate wa mgomba-mwitu unaoitwa enset. Iko pia tere siga, nyama mbichi kwa vipande, inayokatwa kwa kisu mezani. Vyote ni chakula cha heshima, na vyote vinaweza kumwachia minyoo ya tegu, kwa sababu mayai ya tegu aliyoyala ng'ombe malishoni huwa vifuko ndani ya nyama, na kupikwa mpaka kuiva ndiko kunakoviua. "Leb leb" maana yake imepashwa kidogo, na hiyo haitoshi. Aseme "yebesele", iliyoiva. Ladha inapungua, sibishi, lakini anarudi Tanga akiwa peke yake tumboni.

Tukae kwenye sinia kidogo, maana ndipo urafiki wa kule unapoanzia. Injera hutengenezwa kwa unga wa tefu, nafaka ndogo sana ya nyanda za juu. Uji wake huchachushwa siku mbili tatu, kisha humiminwa kwa mzunguko kuanzia pembeni kwenda katikati juu ya kikaango kipana cha udongo, hufunikwa, na huiva upande mmoja tu. Upande wa juu hujaa vitundu vinavyoshika mchuzi. Mfikirieni chapati ya maji iliyovuka upana wa sinia na kupata uchachu wa togwa. Uchachu huo na nyuzinyuzi zake huwashtua wasiozoea: siku ya kwanza mtu anakula injera mbili kwa furaha, usiku tumbo linajaa gesi na kesho yake anailaumu pilipili. Anzeni na nusu injera kila mmoja kwa mlo, siku ya tatu mtakuwa sawa. Kama kuna asiyeelewana na ngano, tefu yenyewe haina shida, lakini injera ya bei nafuu huchanganywa shayiri, mtama au ngano, kwa hiyo aulize.

Kwa watu wanne, beyaynetu mbili na chungu kimoja cha shiro tegabino, ile inayoletwa ikichemka, vinatosha. Wageni huagiza sahani nne kwa mazoea ya nyumbani na kuacha nusu, na kule kuacha sinia limejaa kunaonekana. Mtaletewa birika na beseni, mnanawa mikono mkiwa mmeketi. Mnakula kwa mkono wa kulia. Unachana kipande cha injera ukubwa wa nusu kiganja, unafunika mboga, unabana kwa vidole, unapeleka mdomoni bila vidole kugusa ulimi. Unakula upande unaokuelekea, hunyooshi mkono kwenda kuvuna adesi za mwenzako. Injera za ziada huja zimekunjwa kama vitambaa, chaneni hizo kwanza. Ile ya chini iliyolowa michuzi yote huliwa mwisho, na wenyeji huigombea.

Halafu kuna gursha. Katikati ya chakula mwenyeji anatengeneza tonge nono, anainyoosha kuelekea mdomoni mwako. Si mzaha, ni heshima, na tonge kubwa ni heshima kubwa. Pokea kwa kufungua mdomo vizuri, usishike mkono wake, usiling'ate nusu. Kwa kawaida moja haiishii hapo, inafuatwa na ya pili. Baadaye nawe mtengenezee mwenyeji au mkubwa wa meza, kwa mkono wa kulia. Kwa akina dada wasiopenda kulishwa na mwanamume asiye ndugu, wekeni kiganja kifuani, tabasamuni, na mpokee tonge mkononi au kwenye ukingo wa sinia mbele yenu. Kinachoumiza ni kukwepa kwa kurudisha kichwa nyuma na kukunja uso, maana huo kila mtu anausoma.

Mtu akiingia mkiwa mnakula, mtasikia "enebla!", tule. Kwa sisi tuliolelewa kwenye "karibu chakula" hakuna geni hapo. Ninyi nanyi mkiwa mgahawani na mtu wa meza ya karibu akawatazama, mkaribisheni kwa neno hilo. Tisa kati ya kumi atashukuru na kukataa, lakini atageuza kiti na mazungumzo yataanza.

Kahawa ndiyo inayohitaji muda, na hapa wageni wengi huharibu. Wakialikwa buna, wao wanasikia kikombe kimoja cha dakika kumi, wakati mwenyeji anazungumzia saa nzima au zaidi. Nyasi mbichi hutandazwa sakafuni, ubani unafukizwa, mama au binti wa nyumba anakaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Anaziosha buni mbichi, anazikaanga kwenye kikaango bapa akizitikisa mpaka ziwe nyeusi zinazong'aa mafuta, kisha anazipitisha mbele ya kila mgeni ili moshi uwafikie. Hapo mnausogeza moshi puani kwa kiganja na kusifu. Anazitwanga kwenye kinu kidogo, unga unaingia kwenye jebena, chungu cheusi cha shingo ndefu, unachemka, jebena inalazwa kidogo kwenye kikalio chake mpaka machicha yatulie. Anamimina kutoka juu kwa mkondo mwembamba usiokatika, kikombe hadi kikombe, mpaka ukingoni. Vikombe havina mikono, vishikeni juu kwenye mdomo. Pembeni kuna bisi au kolo, shayiri ya kukaanga. Sukari mara nyingi hutangulia ndani ya kikombe, kwa hiyo asiyeitaka aseme mapema.

Mizunguko ni mitatu kutoka unga uleule, maji yakiongezwa kila mara: abol yenye nguvu, tona ya wastani, na bereka, ambayo ni baraka, nyepesi kabisa. Ukiondoka baada ya abol umeondoka katikati ya dua. Mkiwa na haraka ya kweli, semeni kabla buni hazijaingia motoni, wala hakuna atakayenuna. Kwa asiyelala akinywa kahawa, anywe kidogo abol na tona na amalize bereka, vikombe vyenyewe ni vidogo.

Basi mnaingiaje majumbani? Kwa uzoefu wa wanaopeleka vikundi vidogo, njia ya uhakika ni kujulikana mahali pamoja. Addis imejaa vibanda vya jebena buna kando ya barabara na kwenye varanda za maduka, vigoda vinne vitano na mwanamke mmoja nyuma ya meza ya vikombe. Chagueni kimoja karibu na mnapolala, nendeni kila asubuhi saa ileile, kaeni dakika ishirini bila simu mkononi. Siku ya kwanza mtauziwa kahawa, siku ya tatu mtaulizwa mmetoka wapi, mna wazazi, mmeolewa. Salamu zao ni ndefu na zinafuatana kama zetu, kwa hiyo msizikate: "selam", kisha "dehna neh" kwa mwanamume, "dehna nesh" kwa mwanamke, "dehna nachihu" kwa wengi. Shukrani ni "ameseginalehu", na hata mkiitamka vibaya itawafurahisha. Mtu akivuta pumzi ndani ghafla kana kwamba ameshtuka, hajashtuka, amesema ndiyo.

Njia nyingine ni ibada. Ninyi wawili mkienda sala ya Ijumaa Anwar, mtakuta wenyeji wanaoijua Afrika Mashariki kwa safari na biashara. Na ya tatu, ambayo watu huisahau, ni kuwauliza Waethiopia mnaowafahamu huku nyumbani wawape salamu za kupeleka kwa ndugu zao. Mgeni mwenye salamu za ndugu haendi kula mgahawani.

Mkialikwa, msiende mikono mitupu. Keki na chokoleti ndiyo makosa ya kawaida, kwani katika Hudade zina mayai na maziwa na zitawekwa kabatini bila kuguswa. Pelekeni matunda, sukari, au buni mbichi nusu kilo. Bora zaidi, tokeni nazo Tanga: korosho zilizokaangwa bila siagi zinaliwa na wanaofunga na wasiofunga, na tende vilevile. Vueni viatu mkiona vimevuliwa mlangoni. Mtu mzima akiingia, simameni. Sahani yako ikipungua itajazwa tena na utasikia "bemote", anakuapia kifo chake ili ule zaidi, na usiogope, ndivyo wanavyobembeleza. Kukataa mara moja ni adabu tu, hakuhesabiwi. Anza kupunguza mwendo mapema, na ukifika mwisho sema "tegebku", nimeshiba, mkono kifuani. Mnywaji wa chochote ajue kwamba tej, kinywaji cha asali kwenye chupa ya shingo nyembamba, ni kileo chenye nguvu ingawa kinaonekana kama sharubati. Asiyekunywa pombe aombe birz, ya asali isiyochachushwa.

Sasa wawinda pochi. Wapo, hasa Bole na kwenye mitaa ya katikati ya mji. Mchezo unajulikana: kijana nadhifu anawasalimia kwa Kiingereza kizuri, anasema anawakumbuka hotelini kwenu, au ni mwanafunzi, na leo kuna sikukuu maalumu ya kahawa kwa dada yake. Mnaingia chumbani, muziki, wasichana wawili watatu wanakaa, vinywaji vinafunguliwa bila kuulizwa, na hesabu inayoletwa ni ya harusi. Tofauti haiko kwenye sura wala lugha. Mkarimu wa kweli yuko kazini kwake au kwake nyumbani, hakuwatafuta njiani, na hana haraka ya leo hii. Anayewavuta sasa hivi kwenda msikokujua, mwambieni mtakunywa naye buna, ila pale mlipopazoea ninyi. Mwema atakuja, mwingine atapotea kwenye umati. Na mkikaa popote pasipo na orodha ya bei, ulizeni bei kabla kitu chochote hakijafunguliwa.

Kuhusu kulipa: kwa desturi aliyealika ndiye mlipaji, na mwenyeji aliyewapeleka mgahawani atapigania bili hata kama hana uwezo. Kuvutana mezani hamtashinda. Mmoja wenu ainuke kana kwamba anakwenda kunawa, alipe kaunta kabla "hisab", yaani bili, haijaitwa. Kwa hiyo wekeni mfuko mmoja wa birr, fedha ya kule, kila mtu achange sawa asubuhi, na mshika fedha awe mmoja kwa siku. Kikundi kinachogawana bili kichwa kwa kichwa mbele ya mwenyeji kinamshangaza. Migahawa mikubwa huandika bei kabla ya kodi ya asilimia 15, na mingi huongeza huduma asilimia 10, kwa hiyo msishtuke mwishoni.

Saa haitawasumbua, wanahesabu kama sisi: saa moja ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Kasoro hutokea pale mwenyeji, kwa nia njema, anapowabadilishia iwe saa ya Kizungu bila kusema. Mkiambiwa saa tatu, ulizeni ni asubuhi au alasiri. Tiketi ya ndege daima ni saa ya kimataifa.

Siku saba zote msizimalizie Addis. Jimbo la Amhara limekuwa na mapigano tangu 2023, kwa hiyo kwa safari hii ningeacha Gondar na Lalibela. Siku mbili za mwisho pandeni ndege mpaka Dire Dawa, kisha gari kama saa moja na ushee mpaka Harar, mji wa Kiislamu wenye ukuta, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ndani ya ukuta ule kuna misikiti 82. Huko wale wawili hawana haja ya kuuliza sana kuhusu nyama. Laleni kwenye nyumba ya Kiharari inayopokea wageni: sebule ina majukwaa ya ngazi yaliyotandikwa mazulia, vikapu vya rangi vimejaa ukutani, na asubuhi mtapewa fatira, mkate mwembamba wa kukunjwa na mayai. Ulizeni pia hoja, kinywaji cha majani au maganda ya kahawa, ambacho nje ya eneo lile ni vigumu kukipata.

Huko Harar mtakaribishwa mirungi alasiri, watu wameketi mikekani na gumzo limenoga. Ethiopia ni halali kuuzwa na kutafunwa, na kukaa nao bila kutafuna hakumchukizi mtu. Ila kwetu Tanzania ni dawa ya kulevya kisheria, kwa hiyo kagueni mifuko ya makoti kabla ya uwanja wa ndege, hata kitawi kimoja kisivuke nanyi.